Bapa la chenso la kuchongea sanamu: uzoefu wangu kwenye magogo na visiki

Hukumu kwanza: bapa hili ni zuri, na wengi wanaolilalamikia wameliua wenyewe. Nazungumzia bapa la kuchongea la sentimita 30, lile pande la chuma linalobeba mnyororo, lenye ncha nyembamba kama kidole. Nimelifunga kwenye chenso ya petroli ya cc 38 na kulitumia kwenye sanamu kubwa, yaani tai, simba na dubu wa mita moja na nusu hadi mita tatu, mengine kwenye magogo yaliyosimamishwa, mengine kwenye visiki ambavyo bado viko ardhini.

Bapa la kawaida lina ncha pana, na ndani ya ncha kuna gurudumu dogo lenye meno linaloupokea mnyororo. Hili halina gurudumu. Ncha ni chuma kitupu kilichovishwa tabaka gumu la aloi ya kobalti ukingoni, na mnyororo unateleza juu yake hivyo hivyo. Saizi za ncha hutajwa kwa sarafu za Marekani: "robo dola" ni kama milimita 24, "senti kumi" ni kama milimita 18. Langu ni la robo dola. Lile la senti kumi linapendeza kwenye mboni ya jicho na mistari ya manyoya, ila hupata moto haraka zaidi na linamtaka mtu mwenye mkono mtulivu. Kwa kuanzia, chukua robo dola.

Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kutumbukiza ncha moja kwa moja kwenye mbao bila chenso kukupiga teke kirahisi. Teke hutokea pale robo ya juu ya ncha inapogusa mbao: meno yanakwama badala ya kukata, na bapa zima linarushwa juu kumwelekea aliyeshika. Ncha ikiwa ndogo, eneo hilo la hatari nalo huwa dogo. Limepungua tu, halijaisha. Breki ya mnyororo naijaribu kila ninapowasha, na kidole gumba cha kushoto kinazunguka mpini wa mbele muda wote. Anayechonga kwa mkono mmoja ili mwingine ushikilie gogo hajaelewa anashika nini.

Sasa ufungaji, ambako ndiko pesa za watu hupotea. Bapa hili linatumia mnyororo wa hatua ya robo inchi. Hatua hupimwa hivi: chukua umbali kutoka ribiti (pini inayounganisha viungo vya mnyororo) ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Robo inchi ni milimita 6.35. Chenso nyingi ndogo zinatoka kiwandani na mnyororo wa inchi 3/8, na sproketi, yaani gurudumu la meno linalouendesha mnyororo, iliyo kwenye klachi ni ya kipimo hicho. Ukifunga bapa jipya na mnyororo mpya lakini ukaacha sproketi ya zamani, mnyororo utaruka, utang'ata, na meno ya ndani yatakuwa yameharibika kabla hujamaliza tangi la kwanza. Badilisha vitatu kwa pamoja: bapa, mnyororo, sproketi. Angalia pia unene wa meno ya ndani, yale yanayotembea kwenye mfereji wa bapa. Langu ni la milimita 1.3. Mnyororo wa 1.1 ukiwekwa kwenye mfereji wa 1.3 unayumba, na mkato unatoka umepinda. Halafu kuna minyororo midogo ya robo inchi iliyotengenezwa kwa ajili ya chenso nyepesi za betri. Kwa jina inafanana na hii, lakini haiingiliani nayo. Soma namba zilizogongwa kwenye bapa karibu na mahali pa kufungia, hesabu meno ya ndani (yangu ni 64), kisha ndiyo ununue.

Mtu akishabadilisha sproketi hulalamika kwamba chenso "imepoa". Ni kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Sproketi ya 3/8 yenye meno sita huvuta kama milimita 114 za mnyororo kwa mzunguko mmoja. Ya robo inchi yenye meno manane huvuta milimita 101.6. Kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, umeshuka kutoka mita 19 kwa sekunde hadi karibu 17. Unachopata badala yake ni meno madogo yaliyo karibu karibu, yanayouma kidogo kidogo na kuacha uso laini. Kwenye uso wa simba hiyo ni biashara nzuri. Usijaribu kufidia kwa kulifunga kwenye chenso ya cc 60. Nguvu ile hukata mnyororo huu na kuchoma ncha.

Kuchoma ncha ndiko kunakoliua bapa. Kwa kuwa hakuna gurudumu, msuguano wote unaishia pale mbele, na kinachozuia moto ni oili peke yake. Pampu ya oili naiweka juu kabisa. Kabla ya kuanza, naelekeza ncha kwenye kipande cha mbao nyeupe nikiwa umbali wa sentimita 20, naongeza kasi ya injini sekunde chache: lazima mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, usichonge. Tundu la oili kwenye bapa limeziba kwa unga wa mbao, na hilo hutokea mara nyingi zaidi kwa mchongaji kuliko kwa mkata miti, kwa sababu sisi hukata sana kwa ncha na unga hausombwi nje. Kila ninapojaza tangi nasafisha mfereji kwa waya mwembamba. Ncha ikigeuka rangi ya bluu, chuma kimeshalegea. Kuanzia hapo inalika kama sabuni.

Mvutano wa mnyororo nao una mambo yake. Kwenye bapa lenye gurudumu watu hukaza hadi mnyororo ulale kabisa. Hapa acha uning'inie kidogo sana upande wa chini, milimita moja au mbili, uweze kuuvuta kwa mkono mzunguko mzima bila kukwama. Ukikaza kupita hapo unaongeza joto. Ukilegeza kupita hapo, utachomoka unapotoa ncha kwenye tundu. Ukichomoka, kagua meno ya ndani. Yakiwa na ncha za kukwaruza yafute kwa tupa kabla ya kuurudisha. Na jioni, legeza. Mnyororo wa moto ukipoa husinyaa na kuvuta shafti ya injini.

Kunoa: tupa ya duara ya milimita 4, pembe ya nyuzi 30, misukumo miwili au mitatu kwa kila jino, idadi ileile pande zote mbili. Nundu iliyo mbele ya kila jino naiacha chini ya jino kwa milimita 0.65. Nimeona watu wakiishusha sana ili mnyororo ule haraka. Unakula kweli, na unaanza kuruka kwenye mbao ngumu na kung'oa nyuzi mahali ulipotaka mstari safi. Kipimo ninachokiamini ni kinachotoka nyuma ya chenso: chenga maana yake mnyororo ni mkali, unga maana yake zima na unoe. Mvule unakuchosha zaidi hapa, kwa kuwa ndani yake huwa na mabonge ya chokaa magumu kama jiwe, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Adui mwingine ni msumari au waya wa ua uliomezwa na mti. Pitisha kitambua chuma juu ya gogo, hasa mita mbili za chini. Doa la bluu na nyeusi kwenye mbao yenye tanini (kemikali ya asili ya mti) linakuonya kwamba kuna chuma karibu.

Kile ambacho bapa hili haliwezi ni kupunguza gogo. Kupasua sentimita 60 kwa mnyororo huu ni kujitesa, na ukilipindisha ndani ya mkato ulioshikana, ncha inapinda. Mapande makubwa nayaondoa kwa chenso ya cc 55 yenye bapa la sentimita 45, nikianza juu kushuka chini ili chenga zisifunike mistari. Nachora mstari wa katikati mbele na ubavuni kwa chaki ya mafuta, naurudisha kila unapokatwa. Sehemu inayotokeza mbele kuliko zote, pua au mdomo, ndiyo naiacha kwanza. Kila kitu kingine kinarudi nyuma kutoka hapo. Makosa mengi ya uso huanzia hapa: mtu anachimba macho kabla pua haijapata mahali pake, kisha hana mbao ya kutosha.

Na kwa sababu ncha nyembamba inakushawishi uchonge vitu vyembamba, kumbuka nyuzi zinakwenda wapi. Gogo lililosimama lina nyuzi wima. Mdomo wa tai ukitokeza mbele, nyuzi zinaukata kwa upana, na utavunjika kwa kugongwa kidogo tu. Namchonga tai akiinamisha kichwa, mdomo ukiwa karibu na kifua au umegusa kabisa, na shina la mdomo halipungui sentimita 5. Masikio ya dubu nayaacha manene kwa sababu hiyohiyo.

Gogo lenyewe lifungwe. La upana wa sentimita 60 na urefu wa mita mbili, likiwa bichi, ni karibu nusu tani. Nalisimamisha juu ya jukwaa pana la mbao na kulishika kwa skurubu ndefu kutoka chini, halafu mikanda. Kisiki kinakuondolea shida hiyo, hakitikisiki, lakini kinakupa nyingine: kinanyonya maji kutoka ardhini na kitaoza kuanzia chini hata ukikipaka nini. Huwa nawaambia wenye visiki waziwazi kabla sijawasha injini. Naondoa magome yote, naanza sanamu juu ya usawa wa udongo, nakata juu kwa mteremko maji yasituame, na sipaki vanishi nzito sehemu ya chini, kwa maana unyevu ukifungiwa ndani kuoza kunaharakishwa. Sanamu ya gogo naiweka juu ya mawe au vyuma, hewa ipite chini sentimita 5.

Kuhusu nyufa, bapa hili limenisaidia kuliko nilivyotarajia. Mbao husinyaa kufuata duara la mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye moyo, kwa hiyo gogo zima lenye moyo ndani litapasuka tu. Swali ni wapi. Natumbukiza ncha mgongoni mwa sanamu na kushusha mkato mmoja hadi kwenye moyo, karibu urefu wote. Mbao ikisinyaa, mkato huo ndio unaofunguka, na uso unabaki mzima kwa kiasi kikubwa. Kama sanamu inaweza kulazwa, natoboa pia kutoka chini na kuondoa moyo wenyewe. Vichwa vya gogo vinapakwa nta au rangi nzito siku ileile linapokatwa. Kusubiri gogo likauke kwanza ni ndoto: kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na kufikia hapo limepasuka kila upande. Chonga likiwa bichi, liache kivulini. Mkaratusi una mvutano wake wa ndani. Unaweza kupasuka mbele ya macho yako dakika chache baada ya kukatwa, na mkato wa mgongoni hauuokoi kila mara.

Baada ya ncha kumaliza, uso unabaki na mistari ya milimita chache inayofanana na manyoya, na mara nyingi naiacha. Panapotakiwa laini, grinda yenye diski ya msasa namba 40 kisha 80. Tochi ya moto wa gesi juu yake kuunguza uso kidogo, brashi ya waya, halafu mafuta ya nje yenye kinga ya jua, yanayorudiwa kila mwaka. Kichwani paka mara tatu, maana pale nyuzi zimefunguka na maji huingia kama kwenye mrija.

Mtetemo ni lalamiko langu halisi. Kazi ya ncha hukuweka kwenye kasi kamili ya injini kwa muda mrefu ukiwa umebana mipini, na vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe, hiyo si uchovu wa kawaida. Napumzika kila nusu saa. Kelele inapita desibeli 100, kwa hiyo vizibo vya masikio, ngao ya uso na suruali ya kuzuia mnyororo si mapambo. Kwa kazi ya ndani nimeanza kutumia chenso ya betri yenye bapa kama hili: mtetemo ni mdogo na hakuna moshi, ila betri moja huisha kabla sijamaliza shingo moja ya simba.

Ukilinunua, nunua minyororo mitatu pamoja nalo na uizungushe. Ligeuze juu chini kila unapobadilisha mnyororo ili kingo zilike sawa, na futa kwa tupa tambarare vile vinywele vya chuma vinavyoota pembeni. Bapa langu la kwanza lilikufa kwa oili kuziba. La pili linaendelea, na ncha yake bado ina rangi ya chuma.