Uzoefu wangu na huduma za ubalozi: kila dirisha na mambo yake

Nimeishi ughaibuni muda wa kutosha kuwa mteja wa kudumu wa ubalozi wetu. Nimefuata pasipoti pale, nimesajili mtoto, nimegongewa mihuri kwenye nyaraka, nimesimama na familia iliyofiwa, na hata shughuli za biashara zimenifikisha hapo. Jina la nchi nimeliweka kando makusudi, maana ninachotaka kusema kinamhusu yeyote anayebisha hodi ubalozini kwao: huduma utakayoipata inategemea sana umefika kwenye dirisha gani. Bendera ni moja na geti ni moja, lakini ndani kuna ofisi zenye kasi tofauti na mipaka tofauti, na mlinzi wa getini hatakueleza.

Balozi mwenyewe raia wa kawaida humwona kwenye sherehe za kitaifa au mkutano wa diaspora, basi. Sioni ubaya. Kazi yake ni kuiwakilisha serikali kwa serikali, na akisafiri nafasi yake hushikwa na kaimu balozi. Idara ya siasa nayo haina dirisha la wananchi. Wale huandika taarifa na kukutana na watu wa wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji. Mwambata wa jeshi nimemwona kwa mbali tu, amevaa sare, sina la kumtathmini. Kuna utawala na fedha, ambao utawakumbuka siku mashine ya malipo imeharibika. Kisha kuna uchumi na biashara, elimu na utamaduni, ambazo kwenye balozi ndogo huwa zote mezani kwa ofisa mmoja. Na kuna konseli, kitengo cha huduma kwa raia, ambako ndiko sisi wengine wote tunakopanga foleni; ofisa wake naye huitwa konseli.

Baada ya kuzungushwa mara kadhaa niliamua kuisoma mikataba miwili ya Vienna, wa 1961 unaohusu uhusiano wa kidiplomasia na wa 1963 unaohusu huduma za kikonseli. Lengo lilikuwa kujua ninachoweza kudai na nisichoweza. Ibara ya 5 ya huo wa 1963 imeorodhesha kazi za konseli: kutoa pasipoti na viza, kusajili vizazi, ndoa na vifo, kushuhudia saini, kusaidia raia waliopatwa na matatizo, kulinda maslahi yao kwenye mirathi. Ukiisoma unaacha kumuuliza ofisa wa biashara habari za cheti cha kuzaliwa.

Nianze na pasipoti. Kwetu pasipoti za kielektroniki huchapishwa nyumbani. Ubalozi hupokea maombi, picha na alama za vidole, kisha hutuma. Ukimgombeza dada wa dirishani kwa sababu kitabu kimechelewa, unamwonea. Nilichokipenda ni uvumilivu wao kwenye mashine ya vidole. Siku moja mbele yangu alikuwepo mzee aliyefanya kazi za ujenzi maisha yake yote, ngozi ya vidole imesuguliwa ikawa laini kabisa. Mashine ikagoma. Ofisa akampa kitambaa chenye unyevu afute, akakikandamiza kidole taratibu, ikagoma tena. Akajaribu gumba, akalilaza upande mmoja kisha upande wa pili, taa ikabaki nyekundu. Mwishowe akatoa fomu ya kueleza kwamba alama za vidole hazisomeki, akaijaza kwa mkono wake, akamsomea mzee neno kwa neno, ndipo akamwonyesha pa kusaini. Foleni ilinung'unika. Mimi ningempa ofisa yule nyota tano hapo hapo.

Picha ndizo zinazowarudisha wengi nyumbani. Vipimo vinafuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO: uso umetazama mbele, macho wazi, nyuma kweupe au rangi hafifu, kivuli hakuna. Tabasamu la meno yote linarudishwa. Na aliyepoteza pasipoti huku safari ikiwa keshokutwa asitegemee kitabu kipya. Atapewa hati ya dharura ya kusafiria, yenye muda mfupi, ambayo kwa kawaida humfikisha nyumbani tu. Nenda ukiwa na taarifa ya polisi mkononi. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Kinachonipandisha presha ni miadi. Kalenda ya mtandaoni hufunguliwa saa asizozijua mtu, nafasi zinakwisha kabla chai haijapoa, na tovuti inataja viambatisho vinne wakati karatasi iliyobandikwa ukutani inataja sita. Ukipiga simu, inaita mpaka inakata. Ukiandika barua pepe, unajibiwa na mashine kwamba utajibiwa. Kwa upande huu ninatoa nyota moja, tena kwa huruma.

Uthibitishaji wa nyaraka ni somo la peke yake, na ndipo nimeona watu wakitoka wamefura kwa hasira bila sababu. Muhuri wa ubalozi hausemi kwamba yaliyoandikwa kwenye cheti chako ni kweli. Unasema kwamba saini na muhuri uliotangulia ni wa ofisa anayetambulika. Ndiyo maana cheti kilichotolewa na nchi mwenyeji lazima kwanza kipite kwa mamlaka zao, mara nyingi mpaka wizara yao ya mambo ya nje, ndipo ubalozi wako ukiguse. Nchi zote mbili zikiwa kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, mlolongo huo unafutika: mamlaka ya nchi iliyotoa cheti inabandika apostili, yaani uthibitisho mmoja unaotambulika na nchi zote za mkataba huo, na safari ya ubalozini haihitajiki. Ulizia hilo kabla ya kulipa chochote. Kwa bahati mbaya ubalozi wetu hauna desturi ya kukwambia kwamba huwahitaji.

Hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu ndugu akuuzie au akusajilie mali kwa niaba yako, wanaifanya vizuri sana. Usiisaini nyumbani. Ofisa anatakiwa aione kalamu ikitembea. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amenilazimisha, akaniuliza nieleze kwa maneno yangu mwenyewe ninampa nani nini, kisha akanionyesha mstari mmoja uliokuwa mpana kupita kiasi, ambao ungemruhusu mwakilishi wangu kuuza hata kisichohusika. Kunishauri kisheria hakuruhusiwa, na alilisema hilo, lakini kidole alikiacha pale kwenye ule mstari mpaka nikauelewa.

Kusajili mtoto kulikwenda haraka. Baba mmoja pale alisisitiza kwamba mwanawe akisajiliwa ubalozini basi kazaliwa "kwenye ardhi yetu". Sivyo. Kwa Ibara ya 22 ya mkataba wa 1961, maofisa wa nchi mwenyeji hawaingii kwenye jengo bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi, lakini kiwanja kinabaki sehemu ya nchi mwenyeji. Mtoto anaandikwa kuwa kazaliwa alikozaliwa; uraia wake unatokana na sheria za uraia, jengo halihusiki.

Lakini kitengo cha konseli nilikifahamu hasa kwenye msiba. Mwenzetu alifariki hospitalini, ndugu yake pekee wa karibu alikuwa kaka yake aliyefika nchini muda mfupi tu uliopita, lugha haijui. Nikaenda naye. Ofisa hakutukalisha kwenye viti vya foleni. Alitufungulia chumba cha pembeni, akaweka karatasi moja mezani na kuanza kutia alama. Cheti cha kifo cha nchi mwenyeji. Barua ya daktari kuhusu magonjwa ya kuambukiza. Cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa. Tamko la kampuni ya mazishi kwamba jeneza limefungwa na ndani hamna kitu kingine. Tafsiri ya vyote hivyo. Bila karatasi hizo shirika la ndege halipokei mwili, na forodha ya nyumbani itauzuia uwanjani. Alipiga simu kwa kampuni ya mazishi mbele yetu na kuwasomea majina herufi kwa herufi, maana jina likitofautiana kati ya cheti na pasipoti kazi inaanza upya.

Kisha akaomba pasipoti ya marehemu. Akaikata pembe ya jalada kwa mkasi, akagonga muhuri wa kufutwa, akaandika kwenye daftari. Akairudisha kwa kaka mtu kwa mikono miwili, akisema wengine hupenda kuitunza.

Fedha hawakutoa, na walilisema mapema ili tusipoteze siku tukisubiri. Balozi nyingi hazigharamii usafirishaji wa mwili isipokuwa kwa taratibu maalumu. Mchango ulifanywa na jumuiya yetu. Nilichojifunza baadaye ni kwamba Ibara ya 37 ya mkataba wa 1963 inazitaka mamlaka za nchi mwenyeji zenye taarifa ya kifo cha mgeni ziujulishe ubalozi wake bila kuchelewa, kwa hiyo faili lilikuwa limeshafunguliwa kabla hatujafika. Nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningeiweka.

Habari za kukamatwa zinaleta lawama nyingi kuliko zote. Jirani yangu alipowekwa mahabusu, mkewe alitegemea konseli aende na barua amtoe. Konseli alikwenda, akamwona, akahakikisha ana mkalimani na dawa zake, akaacha orodha ya mawakili, akaipa familia taarifa. Mwisho wa mamlaka yake ni hapo. Ibara ya 36 ya mkataba huo wa 1963 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe, na inampa konseli haki ya kumtembelea. Haki hiyo ina uzito: Ujerumani na Mexico ziliishitaki Marekani mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya raia wao waliohukumiwa kifo bila kuelezwa haki hiyo, na hukumu za 2001 na 2004 zikasema Marekani ilikiuka mkataba. Kwa hiyo ukikamatwa, liseme wewe: naomba ubalozi wangu ujulishwe. Usisubiri polisi wakumbuke. Ila kumtoa mtu, kumlipia faini au kumwamuru hakimu, konseli hawezi.

Viza siombi ubalozini kwetu, bila shaka, ila nimewasindikiza wageni wangu. Mlango wao ni tofauti. Nchi nyingi siku hizi zimeyakabidhi makampuni binafsi kazi ya kupokea fomu na alama za vidole, huku uamuzi ukibaki kwa ofisa wa serikali. Maana yake ni kwamba mtu anayekupokea hawezi kukueleza kwa nini umekataliwa, hata ukimbembeleza vipi. Sina zaidi.

Idara ya uchumi na biashara ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri. Hakuna foleni, pengine kwa sababu watu hawajui kama ipo. Nilitaka kupata waagizaji wa bidhaa ninayoifahamu. Ofisa alinipa orodha, akanieleza viwango vya ubora vinavyodaiwa na forodha, na alipoangalia jina la kampuni moja iliyokuwa imeniandikia ofa nono, akagundua haimo kwenye daftari la usajili la nchi mwenyeji. Kazi hiyo ilimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Kudai madeni hawadai na dhamana hawawekei mtu, ila taarifa zao ni za maana. Nyota tano bila kusita. Mwambata wa elimu naye alinisaidia kuthibitisha shahada, kwa kasi ya kobe.

Jambo moja ambalo watu wanalipuuza ni kujiandikisha kwenye rejista ya diaspora. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa na serikali nyingi zikapanga ndege za kurudisha raia wao, sisi tuliokuwa kwenye orodha tulipata ujumbe wa namna ya kuomba nafasi. Ambao hawakuwemo waliokota habari kwenye makundi ya simu, nusu yake uvumi. Ipo pia namba ya dharura ya nje ya saa za kazi. Hiyo inapokelewa, nimeijaribu usiku, ila ukiuliza habari za miadi watakata, na wana haki.

Kwa wanaoishi mbali na mji mkuu, huenda kuna konseli wa heshima karibu nanyi. Mara nyingi ni mfanyabiashara au wakili wa hapo hapo, halipwi mshahara wa kidiplomasia na mamlaka yake ni madogo. Wa kwetu hatoi pasipoti, ila anashuhudia baadhi ya saini, anapokea bahasha na kuzituma ubalozini, na anawajua watu wa hospitali na polisi wa mji wake kwa majina. Ofisi yake iko ghorofani juu ya kampuni yake, bendera imewekwa kando ya printa. Ninampa nyota nne. Ya tano ataipata siku atakapoweka kibao nje, maana nilizunguka mtaa mzima kumtafuta.