Kitochi au simu janja: pesa utume kwa ipi?

Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250, ilikuwa na tochi kichwani. Simu za aina hiyo Wakenya waliziita mulika mwizi. Sisi Watanzania tukasema kitochi.

Kwa kutuma pesa, kitochi bado hakijashindwa. Unabonyeza nyota, namba, kisha reli, menyu inafunguka hata huna bando, kwa sababu ombi linapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, si intaneti. Chaji nayo! Cha mama huchajiwa Jumapili, Alhamisi bado kinaita. Ila hakina subira: ukizubaa kutafuta namba kwenye karatasi, menyu inajifunga, unaanza upya. Mwaka jana niliandika 6 badala ya 9. Jina likatokea, sikulisoma, nikabonyeza 1. Elfu ishirini ikaenda kwa mtu nisiyemjua, na kuirudisha ilikuwa kazi ya siku tatu.

Kwenye programu ya simu janja kosa hilo ni gumu kulifanya, maana unachagua jina kwenye orodha. Miamala ya nyuma unaiona kwa kuteremsha kioo tu. Lakini programu hutaka kusasishwa siku ileile fundi amesimama mlangoni anasubiri hela yake, na bando limekwisha.

Hesabu za duka nimezihamishia kwenye programu, sirudi nyuma. Laini ya pili imebaki kwenye kitochi, mfuko wa shati. Umeme ukikatika, ndicho kinachomulika sufuria.