Mama wa sokoni na binti wa chuo: nani yuko hatarini zaidi mtandaoni?
Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, huibiwa kwa dakika moja. Sauti ya upole inamwambia: "Mama, nimekosea namba, unirudishie." Ujumbe wa uongo unaonyesha dola 50 zimeingia kwenye simu yake, naye anatuma kabla ya kuangalia salio. Mtaji umekwenda. Inauma sana, lakini wenzake sokoni watamchangia.

Binti wa chuo nani amchangie? Mpenzi wa zamani akirusha picha za faragha za binti huyo kwenye makundi ya WhatsApp, kila simu ikilia anashtuka, na nyumbani swali la kwanza ni kwa nini alipigwa picha. Sheria ya dijitali ya Kongo ya 2023 inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni, ila aibu inamzuia kushtaki. Kwangu, huyu ndiye aliye hatarini zaidi.