Njia za traki ni raha, mpaka ngoma zianze kukonda

Mimi natengeneza biti za singeli na kurekodi kwaya. Kazi hizi mbili hazina undugu wowote, ila zote zinataka traki nyingi (mistari ambayo kila sauti inakaa peke yake) na njia nyingi za kupitisha sauti, na hicho ndicho kilichonihamishia kwenye programu ya kurekodi muziki ninayoizungumzia hapa. Jina lake silitaji. Hitilafu nitakayoieleza nimeithibitisha kwenye mashine yangu, kwa toleo nililonalo, na sitaki mtu aitupe programu yake kwa sababu ya kompyuta ya mwenzake. Kipimo nilichotumia kinafanya kazi kwenye programu yoyote ya muziki, kila mtu ajipimie.

Sifa zake kwanza. Wengi wetu tumekulia programu ya FL Studio, ambako ala iko huku na chaneli ya miksa iko kule, na wewe mwenyewe unaamua ala hii iingie chaneli namba ngapi. Ukienda Cubase unakuta kila traki ina chaneli yake tayari, lakini lazima useme mapema kama ni traki ya sauti, ya ala au ya grupu, yaani kundi la traki linalodhibitiwa pamoja. Hii yangu inafuata mtindo wa Reaper: traki ni traki, basi. Inabeba sauti au midi (maagizo ya noti za kupigwa na ala), inageuka folda ya traki nyingine, inatuma sauti popote unapotaka bila kuuliza maswali.

Kwenye kwaya uhuru huo ni dhahabu. Soprano, alto, teno na besi kila moja ina folda yake, na folda zote nne zimo ndani ya folda moja ya kwaya. Kwaya ikikifunika kinanda, nashusha feda moja tu, yaani kitelezi cha kiwango cha sauti. Kutoka kila folda natuma sendi, yaani nakala ya sauti, kwenda kwenye rivabu moja inayotia mwangwi, na sendi hizo zinachukua sauti baada ya feda, ili nikiipunguza besi mwangwi wake nao upungue. Sendi za hedifoni zinachukua sauti kabla ya feda. Mwalimu wa kwaya akisema hajisikii vizuri, namwongezea sauti masikioni mwake tu, miksi yangu haiguswi, na mpiga kinanda anaendelea na mambo yake bila habari.

Sasa kwenye singeli.

Plagini nyingi, yaani vifaa vya kuchakata sauti vinavyochomekwa ndani ya programu, huchelewesha sauti kidogo. Limita, kizuizi cha sauti isizidi kiwango, kwa mfano, inachungulia sauti inayokuja kabla ya kuikandamiza, na huko kuchungulia kunakula muda. Plagini hutangaza inachelewa kwa sampuli ngapi (sampuli ni kipande kidogo kabisa cha sauti ya kidijitali), kisha programu inazichelewesha njia nyingine kwa kiasi hichohicho ili vyote vifike pamoja. Kwenye njia iliyonyooka programu hii inafanya hesabu hiyo bila kosa. Shida inaanza sauti moja ikipita njia mbili. Mimi huzipeleka ngoma moja kwa moja kwenye grupu yake, na wakati huohuo natuma sendi kwenye traki yenye kompresa kali, kifaa cha kukandamiza sauti kubwa, ili nichanganye iliyokandamizwa na ile ya asili. Traki hiyo ya kompresa ikiwa ndani ya folda yenye limita, nikaizima limita wakati wimbo unacheza, njia moja inasahihishwa na nyingine inabaki na hesabu ya zamani. Inabaki hivyo mpaka ufunge projekti na kuifungua upya.

Kwa limita yangu tofauti ni sampuli 64. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 1.3. Hakuna sikio litakaloisikia kama mapigo mawili, na hapo ndipo ubaya ulipo. Sauti moja ikijumlishwa na nakala yake iliyochelewa kiasi hicho, masafa ya karibu Hz 375 yanafutana, halafu ya 1,125, na kuendelea hivyo juu. Besi ya chini inabaki palepale, kwa hiyo kwenye spika kubwa huna wasiwasi, lakini ngoma za mkono na makofi vinakonda kama vinapigwa ndani ya bomba. Msanii anasema biti imepoa, wewe unaanza kuhangaika na ikwalaiza, ile ya kurekebisha besi na sauti za juu, na ikwalaiza haina hatia.

Ucheleweshaji mkubwa ni afadhali. Plagini ya sampuli 1,024 ikikosewa unapata milisekunde 21. Kwenye biti ya mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62.5, kwa hiyo ngoma zimeteleza theluthi nzima ya robo hiyo. Hiyo hata mtu anayepita nje ya studio ataisikia.

Kuipima ni rahisi. Weka mlio mmoja mfupi kabisa, wa sampuli moja, sekunde moja baada ya mwanzo. Upitishe njia zako mbili, kompresa ukiwa umeiweka isibane kitu, zima na washa limita wimbo ukicheza, kisha toa faili na uikuze mpaka uone sampuli mojamoja. Kwenye faili yangu mche wa kwanza, yaani mstari wa mlio huo, ulisimama kwenye sampuli ya 48,000 na wa pili kwenye 48,064. Kama huna subira ya kukuza, geuza fezi ya njia moja (wimbi lake lipinduliwe juu chini) na uweke sauti zilingane: zikilingana kweli unapata ukimya, na ukisikia mabaki membamba ya ngoma, ujue kuna kilichochelewa.

Niliwatumia watengenezaji projekti ndogo ya traki tatu, kwa plagini zao wenyewe, wasipate pa kusingizia. Wakajibu kwa adabu kwamba wameliona tatizo. Tangu hapo yametoka matoleo mapya yenye rangi mpya za kioo na ikoni zilizopambwa, na limita bado ileile. Programu inayojizima ghafla angalau inakwambia imejizima. Hii inaharibu kazi kimyakimya, na faili linamfikia mteja hivyohivyo.

Kuna kasoro nyingine ndogo: dirisha la njia linakata majina marefu ya traki, na ukiigandisha traki kupunguza mzigo wa kompyuta, saidicheini yake, yaani sauti ya traki nyingine inayoiongoza kompresa yake, inakatika. Zinaudhi tu. Kuhifadhi kwenyewe, kwa upande mwingine, ni kuzuri. Umeme umekatika katikati ya kurekodi na kazi nimeikuta.

Kwaya naendelea nayo humu. Biti za singeli nimezirudisha FL Studio, natoa stemu (faili la kila ala peke yake), na humu nafanya miksi tu. Ukilazimika kubaki, usitumie sendi kwa kompresa ya pembeni, tumia kitufe cha miksi kilicho ndani ya kompresa yenyewe, kinachochanganya iliyokandamizwa na ya asili. Limita usiizime, ipandishie kizingiti, kiwango inachoanzia kukandamiza, isiguse kitu. Na kabla ya kutoa faili, funga projekti ufungue tena.

Anayetaka kununua programu ya aina hii aangalie pia toleo la majaribio linaruhusu nini, kwa sababu dawa ya hitilafu hii ni kufunga na kufungua. Reaper inakuachia siku 60 kila kitu kikiwa wazi. Jaribio la FL Studio linahifadhi projekti, lakini halikufungulii kikamilifu ulichohifadhi mpaka ulipie.