Tembe 24 za njano: AL kwenye kaunta za Kisumu

Omba "dawa ya malaria" katika duka la dawa Kisumu, iwe Kondele, Kibuye au katikati ya mji, na utakachopewa mara nyingi ni AL: tembe 24 za njano, kila moja ikiwa na miligramu 20 za artemether na miligramu 120 za lumefantrine. Jina la kwenye boksi hubadilika. Coartem ni ya Novartis ya Uswisi, Artefan ni ya Ajanta na Lumartem ni ya Cipla, zote mbili kampuni za India. Mchanganyiko wa ndani ni ule ule. Katika vituo vya afya vya serikali hutolewa bila malipo, ikiwa ipo kwenye rafu.

Kama dawa, ni nzuri sana. Kama bidhaa ya kubebwa nyumbani, ina kasoro: mambo mawili yanayoamua kama mgonjwa atapona, yaani kumeza pamoja na chakula na kumaliza dozi hadi siku ya tatu, yamefichwa kwenye kijikaratasi cha Kiingereza chenye herufi za kutafutwa kwa tochi.

Tuanze na siku ya tatu, maana ina ukoo mrefu. Waganga wa Ugiriki wa shule ya Hippocrates, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, hawakujua lolote kuhusu vimelea, lakini walijua kuhesabu. Walitenganisha homa ya kila siku, homa inayorudi kila baada ya saa 48 na homa inayorudi kila baada ya saa 72. Sababu haikuonekana hadi 1880, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipoviona vimelea katika damu ya mgonjwa mjini Constantine, Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross akavipata tumboni mwa mbu huko India. Vimelea hukua ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua, na homa hupanda. Plasmodium falciparum, aina iliyotawala kandokando ya Ziwa Victoria, huchukua takriban saa 48 kumaliza mzunguko mmoja, ingawa homa yake haifuati saa kwa utiifu kama zile nyingine. Siku tatu za AL zimepimwa ziguse mizunguko miwili. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa mwili umepoa ameupiga mzunguko wa kwanza na kuyaachia mabaki nafasi ya kuzaana upya.

Mtego wenyewe umo ndani ya tembe. Artemether hushambulia haraka na kupungua mwilini ndani ya saa chache. Hiyo ndiyo inayoshusha homa na kumfanya mgonjwa aombe ugali kesho yake. Lumefantrine ni ya polepole, hukaa damuni kwa siku kadhaa na kufagia kilichobaki. Nafuu ya siku ya kwanza ni kazi ya artemether, wakati lumefantrine bado inajikusanya.

Artemether ina asili ya Uchina. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliandika maelekezo ya kutibu homa za vipindi: konzi ya mmea wa qinghao, yaani artemisia, loweka majini, kamua, kunywa maji yake yote. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523. Tu Youyou, aliyeongoza kundi la watafiti Beijing, aliyasoma maelekezo yale akatilia maanani kitu kisichokuwepo: hakuna neno la kuchemsha. Akabadili njia na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, ili joto lisiharibu kiini cha dawa, artemisinin, ambayo artemether hutokana nayo. Mwaka 1971 dondoo lake liliua vimelea vyote katika wanyama wa maabara, na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Lumefantrine nayo ilibuniwa Uchina, kisha Novartis ikaingia ubia wa kuzisambaza mbili hizi pamoja.

Kwa hiyo muuzaji wa majani makavu ya artemisia akikwambia uyachemshe hadi maji yawe meusi, jua Ge Hong hakufanya hivyo. Na hata ukiyaloweka kwenye maji baridi, kiasi cha dawa hutofautiana jani kwa jani, wala hakuna lumefantrine ya kufagia mabaki. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kama tiba. Mwarubaini ni mti mwingine kabisa. Usiwekwe kwenye mizani moja na AL.

Ikilinganishwa na zilizotangulia, AL inashinda kwa raha na kwa uhakika. Kwinini, iliyotengwa kutoka magome ya sinkona huko Paris mwaka 1820, humezwa kwa siku 7 na kuacha masikio yakivuma. Klorokwini wenye umri wanaikumbuka kwa mwasho. Kenya iliiacha 1998 baada ya vimelea kuizoea, ikahamia sulfadoxine-pyrimethamine, nayo ikachoka haraka. AL ikachaguliwa 2004 na kuanza kufika vituoni 2006. Somo la zile mbili ndilo lililoleta mseto: kimelea kinachokwepa dawa moja hukutana na ya pili. Ndiyo maana tembe za artemisinin peke yake, bila mwenzake, hazifai kununuliwa hata zikiwa rahisi.

Matumizi. Kinachoamua dozi ni uzito, umri ni wa kukisia tu. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni tembe 1 kwa mara moja. 15 hadi chini ya 25 ni 2. 25 hadi chini ya 35 ni 3. Kilo 35 na kuendelea ni 4. Dozi ni sita. Ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazobaki. Hapo ndipo bahasha ya kaunta iliyoandikwa "4x2", yaani tembe 4 mara 2 kwa siku, inapopotosha. Aliyemeza saa tatu usiku anatakiwa kuamka saa kumi na moja alfajiri, lakini wengi husubiri hadi baada ya chai ya saa nne. Mwuzaji mzuri huandika saa zenyewe juu ya bahasha, asipoandika, mwombe.

Chakula. Lumefantrine huyeyuka kwenye mafuta, majini haitaki. Ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, kinachoingia damuni huongezeka mara 16 hivi kuliko tumbo likiwa tupu. Mtu anaweza kumeza tembe zote 24 kwa saa sahihi, kwa chai ya mkandaa, na bado homa ikarudi baada ya wiki mbili au tatu. Kisha lawama hubebeshwa "dawa feki". Haihitajiki karamu. Kikombe cha chai ya maziwa mengi, mala, uji uliotiwa siagi ya karanga, parachichi, chapati au omena ya kukaanga inatosha. Mtoto anayenyonya anyonye mara tu baada ya dozi. Mgonjwa asiyeweza kula chochote ameze hivyo hivyo, ila ale pindi tumbo litakapokubali.

Akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe. Sasa angalia boksi: tembe 24 kamili, hakuna hata moja ya akiba. Kurudia dozi ni kuikopa ya siku ya tatu, kwa hivyo lazima urudi dukani. Kwa watoto, tembe za kuyeyusha zina nafuu kubwa: huvunjika zenyewe kwenye maji kidogo na zimetiwa ladha ya cheri. Za kawaida husagwa kati ya vijiko viwili, zikachanganywa na maji, lakini uchungu wake hutemwa. Hifadhi yake iwe chini ya nyuzi 30 na mbali na unyevu. Chini ya bati la Kisumu mchana wa Februari hilo si jambo dogo. Liweke boksi chini, mahali penye kivuli, mbali na jiko.

Kabla ya kulipa, pima kwanza. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na homa nyingi, hata kandokando ya ziwa, si malaria. Angalia tarehe ya kuisha, na kadi ya tembe iwe haijakatwa. Alama ya jani la kijani juu ya boksi ni ya dawa zilizopitishwa kwa ubora katika mpango wa ruzuku. Usikubali nusu dozi kwa nusu bei: ni ubadhirifu wa nusu uliyolipia.

Mwambie mfamasia ukitumia rifampicin ya kifua kikuu au efavirenz ya VVU, kwani hupunguza dawa hii damuni, au ukiwa na tatizo la mapigo ya moyo. Kwa ujauzito, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha AL hata miezi mitatu ya kwanza mnamo 2022, ila dozi itolewe kliniki. Kichanga chini ya kilo 5 asikatiwe tembe za wakubwa. Uswisi iliidhinisha aina ya AL maalumu kwa vichanga mwaka 2025, kwa hivyo ulizia kituoni. Na degedege, kushindwa kunywa, kupumua kwa shida au kulegea hadi kushindwa kukaa si mambo ya tembe. Hiyo ni sindano ya artesunate hospitalini, saa ya kwanza, ya 12 na ya 24, kisha AL dozi kamili baadaye.

Homa ikiendelea baada ya siku tatu, rudi ukapimwe kwa darubini. Usikirudie kipimo cha haraka ukitafuta uthibitisho wa kupona: protini kinachoitafuta hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na mstari ule wa pili kwenye kipimo, unaosema kuna malaria, umewafanya watu wengi kumeza boksi jingine bure.