Daftari la Msamiati au Kadi za Kujipima?
Anayetaka kuhuisha mazoea yake ya kujifunza Kiingereza anaweza kulipitia upya daftari la msamiati au kujipima kwa kadi zenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Daftari halina usumbufu, lakini kulitambua neno lililoandikwa si sawa na kulikumbuka unapotakiwa kuzungumza. Kadi, kwa utaratibu wa visanduku ulioenezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, humlazimu mwanafunzi asome “nilinunua” na kutamka “I bought” kabla ya kuigeuza. Akipatia, kadi huhamia kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, na akikosea hurudi kwenye kile cha kila siku. Binafsi ningechagua kadi, ingawa kuziandika kunachosha (na kunachosha kweli), na daftari ningeliachia sentensi ndefu zisizoenea kwenye kadi.