Metro ya Dubai isiyo na dereva: uzoefu wangu kama mfuata mzigo

Kila nikirudi Kariakoo na mzigo kutoka Dubai, kabla hata ya kuuliza bei, kuna mteja atauliza, "Dada, hivi ile treni yao kweli haina dereva? Na wewe unapanda?" Napanda, miaka kadhaa sasa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa, mazuri na yanayoudhi.

Kweli haina dereva. Pale mbele ambapo ungetegemea kukuta chumba cha dereva kilichofungwa, kuna kioo kikubwa na abiria waliosimama wakirekodi video. Mhudumu mwenye sare unaweza kumkuta ndani, lakini haendeshi. Ncha moja ya treni ni behewa la Gold, daraja la wenye kulipa zaidi, kwa hiyo ukitaka kusimama mbele kabisa kwa nauli ya kawaida, vizia treni ambayo Gold imekaa nyuma. Watoto hawafichi hamu yao. Sisi watu wazima tunajifanya tunatafuta hewa, lakini nafasi ile haikai tupu hata dakika moja.

Hofu kwangu iliisha mapema, na kilichoimaliza ni kile kile kioo. Ukitazama mbele unaona njia iko peke yake: ama imeinuliwa juu ya nguzo, ama imezama chini ya ardhi, na hakuna mahali inapokatana na barabara ya magari. Hakuna bodaboda ya kukatiza, hakuna mkokoteni, hakuna mtu anayepita na simu sikioni. Stesheni nazo zina ukuta wa vioo kati ya abiria na reli. Milango ya ukuta huo hufunguka pale tu treni ikishasimama na milango yake imelingana nayo. Umeme wenyewe unapita kwenye reli ya tatu pembeni ya njia, kwa hiyo kumzuia mtu asishuke kule ni lazima, dereva awepo asiwepo.

Yanayobaki yanafanywa na mitambo. Treni inaongea na vifaa vilivyotandazwa njiani, kompyuta inajua hii ipo wapi na ile ya mbele yake ipo wapi, na kwa umbali huo inaamua kasi na mahali pa kushika breki. Ndiyo maana zinaweza kufuatana kwa karibu bila kugusana. Kule Rashidiya kuna chumba cha uongozaji chenye watu wanaotazama mtandao wote kwenye skrini, na ndani ya behewa kuna kitufe cha kuzungumza nao ukipata dharura. Kwa hiyo ukisikia "haina dereva" usifikirie haina mwenyewe.

Wala si jambo la jana. Mji wa Lille, Ufaransa, una metro ya aina hii tangu 1983. Dubai walizindua mstari mwekundu tarehe 9 Septemba 2009, saa 3 na dakika 9 usiku. Wao walitaka tisa zipangane, 9/9/9 saa 9:09, ila kwa saa zetu za Kiswahili utamu wote wa hesabu ukapotea. Mstari wa kijani ukafuata 9 Septemba 2011, kisha tawi la kwenda eneo la maonyesho ya dunia ya Expo likaanza kubeba abiria Januari 2021. Kuna kipindi mtandao ule ulishika rekodi ya Guinness ya metro ndefu kuliko zote zisizo na dereva duniani.

Tuje kwenye hela. Utanunua kadi ya Nol, ndiyo ya kulipia nauli. Ile ya rangi ya fedha (Silver), ya daraja la kawaida, ni dirhamu 25 na ndani yake unakuta 19 za kutumia. Nauli inapimwa kwa kanda: ndani ya kanda moja dirhamu 3, ukivuka kwenda ya jirani 5, zaidi ya hapo 7.50, hata ukitoka Deira hadi Marina huko mwisho wa mji. Gold ni mara mbili yake. Ukipanga kuzunguka kutwa nzima, kuna tiketi ya siku moja kwa dirhamu 20. Teksi, hata ukienda hapo kona, itakula zaidi ya dirhamu 10 kabla hujashuka. Kwa mtu anayehangaika Deira, Karama na Satwa akilinganisha bei za bidhaa zile zile, hiyo tofauti ni faida ya doti kadhaa za vitenge.

Kinachonipendeza kuliko vyote, na sijaona wanaume wakikitaja, ni behewa la wanawake na watoto. Kuna mstari wa rangi ya waridi sakafuni, na mwanaume akiuvuka faini ni dirhamu 100. Ninayetembea na pesa ya mzigo kwenye mkoba, jioni, treni imeshona, najua faida ya mstari ule. Hakuna wa kukuegemea na kujifanya treni imemsukuma. Kaka zangu mnaokwenda mara ya kwanza, tazameni chini kabla ya kusimama, maana mkaguzi hasikilizi "mimi mgeni".

Na faini nyingine zipo. Kula na kunywa ndani ya treni au stesheni, hata kutafuna bigijii, dirhamu 100. Kusafiri bila kadi halali, 200. Sizilalamikii sana, kwa sababu usafi unaouona kule una chanzo.

Sasa yanayoudhi. La kwanza ni mizigo, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Kanuni inaruhusu masanduku mawili: moja kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja la kubeba mkononi. Kiroba, belo, katoni ya televisheni, sahau. Mimi metro naitumia kutafutia mzigo tu. Nikishalipia, duka linapeleka kwa mtu wa kago, naondoka na risiti na sampuli mkobani. Ukitaka kubeba mwenyewe jua unatafuta teksi, na safari hiyo uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

La pili ni uwanja wa ndege. Terminal 1 na Terminal 3 zina stesheni zake mlangoni kabisa, mstari mwekundu. Ukilala karibu na Baniyas Square, unachukua kijani hadi Union, unabadilisha kupanda mwekundu wa kuelekea Centrepoint, stesheni yake ya mwisho upande huo, umefika. Terminal 2 haina stesheni, kwa hiyo soma tiketi yako ya ndege kabla ya kujisifu umebana matumizi. Angalia na saa: Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi treni zinatembea saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku, Ijumaa zinaongeza saa moja, lakini Jumapili hazianzi mpaka saa 2 asubuhi. Mwenye ndege ya Jumapili alfajiri, treni hiyo haimhusu.

La tatu ni msongamano wa jioni, hasa Union na BurJuman ambako mistari miwili inakutana. Na hapa ndipo nilipomkumbuka konda wetu. Kwenye daladala ukichelewa kunyanyuka unapaza sauti, "Suka, kuna anayeshuka!" na gari linasubiri, hata kama kwa matusi kidogo. Treni hii haina wa kumwambia. Mlango unalia, unafunga, unakwenda. Ukiwa katikati ya behewa na watu wamebanana, anza kujisogeza kituo kimoja kabla. Ukipitiliza, vuka upande wa pili urudi. Wenye hasira za Kariakoo waziache hotelini.

Wengine huniuliza, je, mitambo ikigoma? Kwa haki, mfano mkubwa ninaoujua haukutokana na kompyuta. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipigwa na mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa 1949. Barabara zikawa mito, na baadhi ya stesheni za mstari mwekundu zilibaki zimefungwa hadi Mei. Hapo hata ungeweka madereva kumi kwenye kila behewa, maji ni maji.

Magari madogo yasiyo na dereva ni habari tofauti, na hapo mimi siendi kichwa kichwa. Dubai walitangaza 2016 kwamba ifikapo 2030 robo ya safari zote za mjini zifanywe na vyombo vinavyojiendesha. Abu Dhabi, tangu Desemba 2024, unaweza kuita kwa Uber gari la kampuni ya WeRide linalojiendesha, na mwanzoni waliliweka na mtu wa kulisimamia ndani. Sawa. Lakini gari hilo liko barabarani na kila mtu: mwenye haraka, mwenye usingizi, pikipiki za kupeleka chakula. Treni imejengewa njia yake, na kazi yote ngumu ilifanywa na waliomwaga zege kabla kompyuta haijawashwa. Ndiyo maana wanaoniuliza kwa nini SGR yetu ya Dar hadi Dodoma ina dereva wakati ni ya umeme na ya kisasa, nawaambia wakae dirishani wahesabu mambo yanayotokea pembeni ya njia. Na kwa barabara za mwendokasi zinavyokatizwa pale Magomeni, dereva mwenye honi tutaendelea kumhitaji.

Mimi nampa metro nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa sababu ya Dragon Mart. Nusu ya mzigo wa Kichina tunanunulia pale, na hakuna reli inayofika: unashuka Centrepoint, unatafuta basi au teksi. Mstari wa bluu unaojengwa, kilomita 30 na stesheni 14, utapita International City, eneo ilipo Dragon Mart, na wamepanga kuufungua 9 Septemba 2029. Mpaka hapo, mnaokwenda Dragon Mart tafutaneni watatu au wanne mgawane teksi, na ya kurudi muiite kabla hamjatoka ndani, maana nje pale jua halina huruma.